Kufufua na Kubadilisha Pikipiki Kuukuu Iliyoliwa na Kutu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu aliyejikuta na pikipiki iliyosimama miaka mingi, na ambaye anataka kuirudisha barabarani kwa mikono yake mwenyewe. Yamepangwa kwa kufuata mtiririko wa kazi, kwa kuwa hapa mpangilio ndio unaoamua kama fedha na jasho vitazaa pikipiki au vitazaa masanduku ya vipuri yaliyosahaulika kwenye kona ya stoo. Nimeona pikipiki nyingi zikipakwa rangi ya kupendeza kabla injini zake hazijajaribiwa, na karibu zote zilifunguliwa upya, zikakwaruzwa, zikalazimika kupakwa rangi mara ya pili.

Nitajuaje kama pikipiki bado inafaa kufufuliwa?

Anza na fremu. Injini, magurudumu na tangi vinaweza kubadilishwa, lakini fremu ndiyo pikipiki yenyewe, na ndiyo yenye namba ya utambulisho. Kutu huja kwa hatua tatu. Kuna kutu ya juu juu, yenye rangi ya chungwa, ambayo hutoka kwa msasa na kuacha chuma kilicho laini. Hiyo isikutishe hata ikiwa imeenea kila mahali. Kuna kutu iliyochimba vishimo, ambapo chuma kimepungua lakini bado kipo; hapo uamuzi unategemea mahali, kwani vishimo kwenye kibebeo cha mizigo si neno, ilhali vishimo kwenye shingo ya fremu ni jambo zito. Kisha kuna kutu iliyotoboa, na fremu iliyotobolewa karibu na shingo au karibu na egemeo la mkono wa gurudumu la nyuma haifai kuendeshwa mpaka fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu ameikagua na kuikubali.

Chukua nyundo ndogo ugonge mabomba ya fremu polepole kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na chuma kilichooza kwa ndani hujibu kwa sauti butu kama ya mti uliooza. Penye sauti butu, bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Kagua kwa makini zaidi chini ya sanduku la betri, ambako asidi hudondoka miaka nenda miaka rudi, na sehemu za chini za mabomba, ambako maji hutuama.

Kabla ya kulipa chochote, linganisha namba iliyopigwa kwenye fremu na ile iliyoandikwa katika hati ya umiliki. Pikipiki ambayo namba yake imesagwa au imepigwa upya iache hapo ilipo, hata ukipewa bure.

Je, nirudishe uasili wake au niibadilishe kwa mtindo wangu?

Ikiwa vipuri vyake vya asili bado vipo vyote, mimi huona ni vyema kuurudisha uasili, kwa sababu madigadi, taa na vifuniko vya pembeni vya muundo wa zamani vikishatupwa huwa vigumu sana kuvipata tena. Ikiwa nusu ya vitu hivyo imekwisha kupotea, basi kuibadilisha ni njia ya haki. Kwa vyovyote vile, usitupe kitu chochote ulichokiondoa mpaka pikipiki imetembea mwaka mzima.

Nianze kwa kuifungua yote vipande vipande?

Hapana. Kwanza ioshe, ipige picha kutoka kila upande, hasa njia zinazopitia nyaya na kebo, kisha uijaribu injini ikiwa bado ndani ya fremu. Fremu ni stendi bora kuliko meza yoyote pale unapohitaji kuzungusha krenki (mhimili mkuu wa injini) au kulegeza nati iliyokaza. Ukiitoa injini mapema utajikuta unapambana na nati kubwa huku injini ikikukimbia sakafuni.

Unapofungua, kila bolti irudishe kwenye tundu lake mara baada ya kutoa kipuri, na zile zisizoweza kurudi zitie kwenye mfuko wenye maandishi. Kwa vifuniko vya injini nina desturi ambayo haijawahi kuniangusha: nachora umbo la kifuniko kwenye kipande cha katoni, natoboa matundu mahali pa skrubu, na kila skrubu inayotoka inachomekwa kwenye tundu lake katika katoni hiyo. Skrubu za kifuniko kimoja hutofautiana urefu kwa milimita chache, na ile ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi hupasua aluminiamu ya injini kabla mkono haujahisi kitu.

Bolti na skrubu zimeganda kabisa. Nifanyeje bila kuzikata?

Dawa ya kwanza ni mafuta ya kupenya na subira. Nyunyizia, gonga kichwa cha bolti mara kadhaa ili mtikisiko uvunje kutu katika meno yake, acha mpaka kesho, kisha rudia. Unapojaribu, kaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza, kwa sababu mara nyingi msogeo ule mdogo wa kukaza ndio unaovunja mshiko wa kutu. Tumia boksi spana yenye pande sita. Ile ya pande kumi na mbili hushika kwenye kona tu na kuzimumunya.

Joto ndilo msaidizi mkubwa pale bolti ya chuma ilipoingia kwenye aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu hutanuka takribani mara mbili ya chuma kwa kiwango kilekile cha joto, na hivyo tundu hupanuka zaidi ya bolti. Pasha eneo linaloizunguka bolti kwa mashine ya hewa ya moto, na usiwashe moto wa aina yoyote kabla tangi na kabureta havijaondolewa na kupelekwa mbali.

Kuhusu skrubu zenye kichwa cha msalaba kwenye pikipiki za zamani za Kijapani, wengi huziharibu bila kujua sababu. Msalaba wake umekatwa kwa kiwango cha Kijapani kiitwacho JIS, ambacho kinafanana sana na msalaba wa kawaida wa Phillips bila kuwa sawa nao. Bisibisi ya Phillips haikai hadi chini; hupanda juu inapozungushwa na kuila skrubu. Bisibisi ya JIS pamoja na bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ile inayozunguka kila inapopigwa, zitatoa karibu skrubu zote ambazo ungedhani zimekwisha.

Bolti ikikatika na kubakiza kisiki, chomelea nati juu ya kisiki hicho. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu, na nati mpya inakupa mahali pa kushika.

Injini imeganda, kiki haishuki. Je, imekufa?

Mara nyingi haijafa. Injini iliyosimama mara nyingi huwa na valvu moja iliyobaki wazi, unyevu huingia kupitia bomba la moshi au kabureta, na ringi za pistoni hushikana kwa kutu na ukuta wa silinda. Kosa kubwa ni kuruka juu ya kiki kwa uzito wa mwili, kwani meno ya kiki huvunjika kabla ringi hazijaachia.

Toa plagi, kisha mimina ndani ya silinda vijiko vichache vya mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya gia za otomatiki, au mafuta ya kupenya ukikosa hayo, halafu acha kwa siku kadhaa huku ukiongeza kila unapoona yamekauka. Asetoni hushika moto haraka, kwa hiyo kazi hii ifanyike penye hewa na mbali na cheche. Baada ya hapo fungua kifuniko cha pembeni, weka spana kwenye nati ya krenki, na uisukume mbele na nyuma kwa nguvu ya kiasi. Usitafute mzunguko mzima. Tafuta msogeo wa unywele mmoja, kisha uukuze. Njia nyingine ni kuweka gia ya juu kabisa na kuligeuza gurudumu la nyuma kidogo kidogo kwa mkono.

Ikishaachia, usiiwashe. Ringi zilizokuwa zimeganda huwa zimeacha mstari wa vishimo kwenye silinda, na chembe za kutu zitasaga kila kitu zitakachokigusa. Inua silinda hedi na silinda, angalia ukuta wake kwenye mwanga mkali, na pitisha ukucha juu ya mistari. Mstari unaoonekana lakini ukucha hauukamati unaweza kuondolewa kwa kupiga msasa maalumu wa silinda na kuweka ringi mpya. Mstari unaokamata ukucha unahitaji silinda ichongwe kwa saizi kubwa zaidi. Pistoni za saizi hizo kwa kawaida hupanda kwa robo ya milimita. Kwa mfano, Honda CG125, pikipiki iliyoingia sokoni mwaka 1976 na ambayo ina silinda ya kipenyo cha milimita 56.5, hupanda hadi 56.75, kisha 57.0. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji pamoja na silinda, ili aipime pistoni ileile itakayoingia humo.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, badilisha oili yote, safisha kichujio cha oili, na uzungushe injini kwa kiki mara nyingi bila plagi mpaka uone oili imefika juu kwenye valvu.

Tangi la petroli limejaa kutu ndani. Linaweza kupona?

Linaweza, na kazi hii inastahili muda kuliko nyingine zote, kwa kuwa tangi chafu litaharibu kabureta uliyoisafisha na baadaye silinda uliyoigharamia.

Mwaga petroli ya zamani, ambayo kwa harufu yake inayofanana na vanishi utaitambua tangu mbali, kisha ondoa bomba la petroli na kifuniko, uzibe matundu yote kwa vizibo vya mpira. Mimina maji yenye sabuni, tumbukiza kipande cha cheni safi ndani, na utikise tangi kwa mizunguko ya pande zote kwa dakika kumi au zaidi. Napendelea cheni kuliko nati au kokoto, kwa sababu cheni ni kitu kimoja na ukivuta mwisho wake inatoka yote. Nati ukitia ishirini, mara nyingi hutoka kumi na tisa.

Baada ya kusuuza, jaza asidi nyepesi mpaka mdomoni. Siki nyeupe hufanya kazi vizuri kwa siku moja hadi tatu. Asidi ya sitriki ya unga, kati ya gramu 50 na 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, hufanya kazi haraka zaidi na aghalabu humaliza kati ya saa 12 na 24. Lazima tangi lijae kabisa, kwa kuwa kutu mbaya kuliko zote hukaa kwenye dari ya tangi, juu ya usawa wa petroli, ambako hewa yenye unyevu ilikuwa ikiganda kila usiku.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Tangi la kwanza nililolisafisha nililijaza siki robo tatu tu, nikachungulia mdomoni, nikaona chuma kinang'aa chini, nikafurahi. Baada ya wiki mbili injini ilikuwa inazimika kila nikipanda mlima, na nilipofungua bakuli la kabureta nilikuta tope jekundu, laini kama unga wa matofali, limetulia chini kwa unene wa kucha. Lilitoka kwenye dari ambayo sikuwahi kuitazama. Tangu siku ile hutumia kioo kidogo chenye mpini na taa ndogo, na silikubali tangi lolote mpaka nimeiona dari yake.

Asidi ikishatoka, suuza mara moja kwa maji yaliyotiwa magadi ya kuokea ili kuua ukali wake, kisha kwa maji safi. Kuanzia hapo usiondoke, kwa sababu chuma kitupu kilicholowa huanza kuwa chekundu ndani ya dakika chache. Mimina spiriti kidogo, izungushe ili ibebe maji yaliyobaki, imwage, acha tangi likauke penye hewa, na mara tu likikauka lizungushie petroli iliyochanganywa na oili kidogo au ulijaze petroli safi moja kwa moja. Spiriti na hewa ya moto havipatani, kwa hiyo usitumie mashine yoyote ya joto hapo.

Tangi lenye vitundu vidogo kama vya sindano linaweza kuzibwa kwa utomvu maalumu wa matangi, mradi liwe kavu na halina kutu. Utomvu uliomwagwa juu ya kutu hubanduka kama ganda na kuziba bomba. Tangi lenye tobo kubwa linahitaji kuchomelewa, na hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao: tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hulipuka, na mvuke huo hubaki hata baada ya miaka. Mpelekee fundi ambaye hulisafisha kabisa na kulijaza maji au gesi isiyowaka kabla ya kugusa moto.

Kutu ya nje niitoe kwa njia gani?

Inategemea kipuri. Kwa fremu, njia ya haraka ni kuipuliza kwa chembe za kukwangua, na ikifanywa na wenye vifaa, fremu hurudi na rangi ya kijivu safi kila pembe. Usikubali mchanga wa kawaida utumike, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu kwa ugonjwa usiotibika, na usikubali injini nzima ipulizwe kwa chembe ngumu, kwani punje moja ikibaki kwenye njia ya oili inatosha kuua beringi. Ziba meno yote ya bolti na viti vya beringi kwanza.

Kwa vipuri vidogo vya chuma, njia ya umeme ni ya ajabu kwa upole wake. Chukua beseni la plastiki, weka maji na kijiko kikubwa kimoja cha magadi ya kufulia kwa kila lita nne, tumbukiza kipuri kilichounganishwa na upande hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma chakavu kilichounganishwa na upande chanya, bila vipande hivyo viwili kugusana. Viputo huanza kupanda, na kutu hulainika na kuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi, pasipo chuma kizima kuguswa. Masharti yake hayana mjadala: fanya kazi nje, kwa kuwa viputo hivyo ni hidrojeni inayolipuka; zima chaja kabla ya kugusa nyaya; usitumie chumvi ya mezani, kwani hutoa gesi ya klorini; usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu; na usitumbukize aluminiamu, kwa sababu magadi huila. Springi pia zikae nje ya beseni hili, maana hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike.

Kwa kromu yenye madoadoa, kunja karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ilowanishe kwa maji na usugue. Aluminiamu ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi, na doa hutoka huku tope la kijivu likijikusanya chini ya kidole. Pale kutu ilipokwisha kuinua kromu, hakuna kusugua kutakakoirudisha.

Dawa za kugeuza kutu, zile zinazoiacha nyeusi, zinafaa kwa sehemu ambazo brashi haifiki. Hazifai kuwa mbadala wa kukwangua.

Kabureta inahitaji kusafishwa kwa kina gani?

Kwa kina cha kuifungua yote. Petroli iliyokauka huacha gundi ya rangi ya asali, na tundu la jeti ya mwendo mdogo, kipande kinachopimia petroli injini inapozunguka polepole, ni jembamba kiasi kwamba gundi kidogo tu hulifunga. Dalili yake ni injini inayowaka kwa choki na kuzima mara choki inaporudishwa. Iloweke kabureta katika dawa yake, puliza kila njia kwa hewa yenye mgandamizo mpaka uihisi ikitokea upande wa pili, na usichokoe jeti kwa waya wa chuma, kwani tundu lililopanuliwa kwa sehemu ndogo ya milimita haliwezi kupungua tena. Ukilazimika, tumia uzi mmoja wa shaba laini. Badilisha gasketi na sindano ya boya, kisha upime kimo cha boya kwa kufuata kitabu cha pikipiki yako.

Umeme hauwaki ipasavyo hata baada ya kuweka betri mpya. Tatizo liko wapi?

Hakikisha kwanza kama mfumo ni wa volti 6 au 12, kwani pikipiki nyingi za zamani ni za volti 6, na balbu au koili isiyolingana itakupotezea siku nzima. Pili, tafuta waya wa hasi unaoungana na fremu. Kutu huzuia umeme, na rangi mpya huzuia zaidi. Kosa la kila siku ni fremu iliyopakwa vizuri mpaka mahali pa kufungia waya huo, na taa zinawaka kwa kufifia au zinapokezana. Kwangua rangi mahali hapo mpaka uone chuma, funga waya, kisha paka grisi juu yake.

Kwa mfumo wa volti 12, betri iliyojaa ikipumzika husoma takribani volti 12.6, na injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani usomaji unapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Usipopanda, chaji haipo. Ukipita hapo kwa mbali, regyuleta, yaani kidhibiti cha chaji, imekufa na betri itachemka. Ukiweka indiketa za LED badala ya balbu, badilisha na kifaa cha kumetisha, kwa kuwa taa hizo hula umeme kidogo mno kiasi kwamba kile cha zamani huzifanya zimete kwa kasi au zisimete kabisa.

Ni vitu gani sipaswi kuvirudisha hata vikionekana vizima?

Matairi ni ya kwanza. Tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na meno yake marefu yasikudanganye, kwa maana mpira uliokauka hauishiki barabara yenye maji. Tyubu, mipira ya breki, kebo za breki na klachi, na bomba la petroli navyo vibadilishwe bila mjadala.

Viatu vya breki vilivyotengana na utando wake vinaweza kuachia ghafla na kulikamata gurudumu. Unapofungua ngoma ya breki ya zamani usilipulize vumbi lake, kwani huenda lina asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Ikiwa breki ni ya mafuta, badilisha mafuta yote, na usichanganye mafuta ya breki yenye alama ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1, ambazo ni za asili nyingine.

Mabomba ya foki za mbele yenye vishimo vya kutu mahali ambapo sili hupita yatakata kila sili mpya utakayoweka. Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole; ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimechimbika.

Rangi ipakwe lini na kwa utaratibu gani?

Ipakwe baada ya pikipiki kuunganishwa ikiwa haina rangi, kuwashwa, kuendeshwa kidogo, na kila kipande cha kuchomelewa kuchomelewa. Kisha ifunguliwe tena. Najua inachosha, lakini hakuna njia nyingine ya kugundua kwamba kishikio cha taa kimekosea kwa sentimita moja kabla hujakipaka.

Chuma kilichokwanguliwa kipate praima ya epoksi siku hiyohiyo. Puti huja juu ya epoksi, kwa tabaka jembamba, na hupigwa msasa kuanzia namba 180 na kupanda, kisha praima ya kujaza, msasa wa 400 hadi 600, halafu rangi. Rangi zinazochanganywa na kigumuzo zina isosianeti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haizuii kitu, na asiye na kifaa cha kumletea hewa safi kutoka nje ampelekee fundi wa rangi. Rangi yoyote iachwe ikauke muda wote uliotajwa na mtengenezaji kabla petroli haijaigusa.

Nataka kuigeuza iwe kafe resa (pikipiki iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya kasi) au skrambla (ya kupita njia mbovu). Nikate wapi?

Mtindo wa kafe resa ulikua Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, vijana wakikutana kwenye mikahawa kama Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1938, na kila walichoondoa kwenye pikipiki zao kilikuwa na sababu: uzito na kasi. Sababu hiyo ni kipimo kizuri hata leo. Kabla ya kuwasha mashine ya kukatia, tengeneza kiti kwa katoni, kifunge kwa mkanda, ukikalie, na uitazame pikipiki kutoka mbali kwa siku kadhaa.

Usikate chochote kilicho mbele ya mahali shokapu za nyuma zinaposhikwa. Sehemu iliyo nyuma ya hapo inaweza kufupishwa na kuungwa kwa bomba lililopindwa, lenye kipenyo na unene sawa na la fremu, huku kipande cha bomba dogo kikiwa kimeingizwa ndani ya kiungo kabla ya kuchomelea. Ukikata ukaacha ncha mbili bila kuziunganisha, fremu itapata nyufa. Kisha toa springi za shokapu na uishushe pikipiki mpaka mwisho, uone kama tairi linagusa kiti. Ukilibaini hilo barabarani utakuwa umechelewa.

Kushusha mbele au kuinua nyuma kunapunguza mlalo wa foki, na pikipiki huwa nyepesi kugeuka lakini yenye wasiwasi kwenye mwendo mkubwa. Sentimita mbili zinatosha kuhisiwa. Ukibadilisha usukani, ugeuze hadi mwisho kila upande injini ikiwa inaunguruma: mlio ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta ni fupi au imepita njia mbaya. Nchi nyingi pia hutaka mabadiliko ya fremu, injini au rangi yaandikishwe, na hilo liulizwe kabla ya kukata.

Je, kichujio kidogo cha hewa na bomba la moshi lililo wazi huongeza nguvu?

Kwa vyenyewe, huongeza kelele. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, mchanganyiko huwa mwembamba na injini huchemka. Ukibadilisha hivyo, panda jeti kuu hatua moja moja, uendeshe, uzime injini ikiwa kwenye mwendo huo, na utoe plagi: rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeupe ni hatari, na masizi meusi ni petroli iliyozidi. Kabureta zinazotumia mvuto wa hewa kuinua pistoni yake huwa hazipatani na vichujio vidogo, na kwa hizo mimi hulibakiza sanduku la asili.

Badiliko la bei nafuu linalohisiwa kweli ni sproketi. Yenye meno 15 mbele na 45 nyuma ina uwiano wa 3.0, ukiweka 14 mbele uwiano unakuwa 3.21, karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma, na pikipiki itavuta vizuri zaidi mlimani huku ikipungua kasi ya mwisho.

Safari ya kwanza niifanyeje?

Iwe fupi, karibu na nyumbani, na spana mfukoni. Jaribu breki ukiwa kwenye mwendo wa miguu kabla ya kuziamini. Ikiwa pistoni na ringi ni mpya, usishikilie kasi moja kwa muda mrefu na usiivute injini kwa gia ya juu ikiwa nzito. Ipe mzigo wa kiasi, uiachie, uipe tena. Ukirudi, iache ipoe, kisha kaza upya nati za injini, ekseli, sproketi na spoki, kwa maana gasketi mpya na rangi mpya hulala na kila kitu hulegea kidogo. Badilisha oili mapema, ndani ya kilomita mia chache za mwanzo. Kwenye bomba la petroli weka kichujio cha plastiki kinachoonekana ndani, na kila asubuhi ya mwezi wa kwanza kitazame kabla ya kupiga kiki: kikiwa na vumbi jekundu, lirudishe tangi kwenye siki.